Watiri wa Mvua ya Mawe

Akina mama wa ukoo walipobisha mlango wa studio yetu hapa Skuta, mtaa wa Nyeri mjini, wakiwa na unga, sukari, nduma na ndoo ya uji, nilidhani wamekosea nyumba. Jirani wa chini alikuwa amejifungua juzi, kwa hivyo nikawaelekeza huko kwa heshima zote. Hawakusogea. Mbele yao alisimama mama yangu, Anita, amejifunga leso mpya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kuchukua haki yake.

“Tumekuja kuona mtoto,” akasema.

“Mtoto gani, Mami?”

“Watiri.”

Watiri ni katuni. Sasa naweza kulisema hilo kwa upole, lakini siku ile nililisema mpaka koo likakauka. Ni msichana tuliyemchora mimi na Ridwan katika vyumba viwili vya kupanga, kwa kompyuta zinazochemka kuliko jiko. Anaishi katika nchi ya mlima ambayo Mzungu hakuwahi kuitawala. Katika historia tuliyosoma shuleni alifika na bunduki, akajenga, akajigawia mashamba, na mengine mnayajua. Katika historia yetu alifika ukingo wa Mto Sagana, msichana mmoja mchunga mbuzi akainua mkono, na mvua ya mawe ikanyesha hadi farasi wakageuka wenyewe. Farasi wana akili. Wenye farasi wakawafuata. Tangu hapo nchi ile ikajiendesha, ikajenga barabara zake, shule zake na ugomvi wake, na kila mwenye tamaa akirudi, Watiri hupanda mlimani akaita mawe kutoka mawinguni. Ila kila akiyaita anazeeka, na miaka inayoondoka hairudi.

Runinga moja ya Nairobi iliipenda hadithi hiyo, watu wa ng'ambo wakakubali kuifadhili, na mimi kama mwandishi nikadhani shida zangu zimekwisha. Kumbe nilikuwa nimempa msichana huyo jina.

Huku kwetu jina si pambo. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake, na akishapewa, basi yeye ndiye huyo mtu. Mimi naitwa Nduta, jina la mama yake baba, aliyelima mpunga huko Mwea. Ndiyo sababu bibi yangu wa Mweiga, mzaa mama, ananiita muthoni, yaani mkwe wake, tangu nikiwa mtoto wa nepi, na hata kunichapa alikuwa akiona haya. Bibi huyo ndiye Cucu Watiri. Alijaliwa watoto wawili tu, mama yangu na mjomba Wahome. Mama alinizaa mimi akakomea hapo. Mjomba akapata wavulana, wavulana, na wavulana tena. Basi Cucu akavuka miaka themanini bila hata mtoto mmoja duniani kuitwa kwa jina lake. Wenzake wa rika walikuwa wamezaliwa upya mara tatu, mara nne. Baada ya ibada walikaa kwenye benchi nje ya kanisa wakisimuliana: “Mimi niko chuo kikuu Eldoret.” “Mimi niko Dubai, napika kwa hoteli.” Walikuwa wakisema habari za wajukuu wenye majina yao. Cucu hakuwa popote. Aliaga mapema akaenda kukamua ng'ombe.

Sikuwaza hayo nilipokuwa natafuta jina. Nilitaka jina fupi la kwetu, lisilomchosha mtoto kulitamka, na Watiri likaja lenyewe. Nikamtajia mama kwenye simu, katikati ya habari za bei ya nyanya. Upande wa pili nikasikia analia.

Ndivyo uji ulivyofika Skuta. Wakaingia, wakajipanga mbele ya kompyuta ya Ridwan, na mama akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

“Maitu,” akamwambia katuni, maana mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako, “mbona umekonda hivi?”

Akamgeukia Ridwan. “Si umuongeze mwili kidogo?”

Wakapiga vigelegele mara tatu, kama vinavyopigwa kwa mtoto wa kike. Ridwan ni mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, kijana mwenye adabu kupita kiasi. Aliwapa viti vyote, akanywa uji vikombe viwili, akasema mashaallah, mtoto mzuri sana. Nilimtazama kwa jicho ambalo lingemgandisha mtu mwingine. Kisha nami nikapewa kikombe, na kwa kuwa nilikuwa na njaa na kwa kuwa uji ulikuwa wa wimbi uliochacha vizuri, nikanywa.

Tangu siku hiyo katuni ikawa mali ya ukoo. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chetu hakikuwa na hata maji. Shangazi mmoja akasema sketi ya ngozi ni fupi, tukairefusha. Mwingine akasema pua si ya kwetu, ni ya ukoo wa kina Ngatia, tukaichora upya. Wafadhili nao wakauliza kama shujaa wa wenyeji hawezi kuvaa manyoya kichwani, kwa vile watazamaji wa kwao wamezoea hivyo. Nikajibu kwamba kwetu mwenye manyoya ni kuku. Wamae, bosi wetu wa runinga, akanipigia simu kuniomba niwe na ulimi wa kibiashara. Sijui huo ulimi unauzwa wapi.

Kipindi cha kwanza kiliporushwa hewani, mjomba Wahome aliacha shamba lake la viazi Mweiga akaja hadi studio na magambuti yenye matope.

“Nduta, hebu nieleze. Kama Mzungu hakukuja, hii waru nalima imetoka wapi?”

“Haikutoka popote, mjomba. Kwa hiyo historia, viazi havijafika.”

“Haiko?”

“Haiko.”

“Na mimi nakula nini?”

“Nduma. Njahi. Ndizi. Viazi vitamu.”

“Sawa, nimekula.” Akavuta kiti akaketi. “Sasa nauza nini?”

Alininunia mwezi mzima. Alikuwa na hakika kwamba mpwa wake ameandika dunia nzima yenye uhuru, barabara na shule, akamsahau yeye peke yake. Mwishowe Ridwan akachora gunia la viazi kwenye kona ya soko katika kipindi kilichofuata, akasema mfanyabiashara anaweza kuleta kitu kutoka popote, baba yake hufanya hivyo. Mjomba akaridhika. Anakisimamisha kipindi hicho pale kwenye gunia ili wageni walione.

Cucu mwenyewe alikuwa na swali moja, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

“Na kanisa iko wapi, muthoni? Kama hakukuja, mimi niliokoka wapi?”

Ilibidi niandike mhubiri aliyetembea kwa miguu kutoka pwani, bila bunduki wala bendera, akaomba maziwa mlangoni kwa Watiri na kusubiri apewe. Cucu aliitazama sehemu hiyo ameshika kidevu.

“Eee. Huyo ndio angekuja.”

Kwa hiyo msidhani sikumsikiliza. Nilimsikiliza kuliko wote, na nilimpa kazi. Katika kipindi cha mwisho Watiri anaita dhoruba kubwa kuliko zote, na miaka yote iliyobaki inamtoka kwa mpigo mmoja. Anakuwa kikongwe. Mwigizaji tuliyeletewa kutoka Nairobi aliigiza sauti ya kikongwe kama mbuzi mwenye mafua. Nikamfuata Cucu Mweiga, nikamwomba azungumze sehemu ile. Alikataa kwa dakika moja, ili isionekane alikuwa akingoja.

“Lakini Kiswahili yangu ni ya soko,” akaonya.

Wamae alilia kwamba watazamaji wanataka Kiswahili sanifu. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha Kiswahili sanifu mchunga mbuzi wa mlimani ambaye serikali yake haina hata mitaala yetu. Hilo nilishinda. Ni katika machache niliyoshinda mwaka ule, ndiyo maana nalitaja.

Kilichobaki ni kifo. Nilijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba Watiri atakufa. Hadithi nzima imesimama hapo: nguvu zake zina gharama, na anailipa yeye. Ukimwacha hai mwishoni, umewaambia watoto kwamba gharama ilikuwa mzaha, na nchi ile ilijiokoa bure. Hilo niliamini, na bado naliamini. Lakini Cucu sikumwambia. Tulikuwa tumerekodi vipande vyake vya mwanzo tu, nami nikawa nauahirisha mwisho kila alipokuja. Kwetu humzungumzii mzee kifo chake. Ni kama kumharakisha.

Aliyetoboa siri ni Ridwan. Mama alimuuliza tu msimu unaishaje, naye hajui kusema uongo, kasoro kubwa sana kwa mtu wa sanaa.

Jumapili hiyo niliitwa Mweiga. Kikao kilifanyika jikoni, kwa minong'ono, kwa sababu Cucu alikuwa sebuleni akitazama maombi kwenye runinga. Moshi ulikuwa unaniingia machoni, na mama alikuwa akimenya viazi kwa nguvu hata vikabaki saizi ya gololi.

“Amengoja miaka themanini ndio azaliwe,” akasema. “Sasa amezaliwa, na wewe unataka kumuua kabla mwaka kuisha?”

“Mami, ni katuni.”

“Uji ulikunywa?”

“Uji unaingiaje hapa?”

“Nimeuliza, ulikunywa ama hukukunywa?”

“Nilikunywa.”

“Ulikunywa uji ya mtoto. Mbele ya watu. Kama ni katuni ungesema ni katuni, urudishe kikombe.”

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kwa sheria zetu alikuwa amesema kweli. Mtoto akishapokewa amepokewa. Mjomba Wahome, aliyekuwa ameegemea mlango, akaleta suluhu.

“Si umuue ule mwingine? Ule jamaa ya farasi.”

“Mjomba, yule alirudi kwao kipindi cha kwanza.”

“Si umrudishe, umuue.”

Niliwaeleza habari za gharama. Niliwaeleza kwa Kiswahili, nikawaeleza kwa Kikuyu, nikafika mahali napunga mwiko. Walinisikiliza vile watu wanavyomsikiliza mlevi matangani, kwa subira na bila kuamini neno. Mwishoni mama akasema taratibu, “Hiyo jina haina mtu mwingine, Nduta. Ukiikata, imekatika. Maitu ataenda hivyo.” Kisha akaanza kulia juu ya viazi vyake, nami nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Sikubadilisha neno. Nataka ijulikane kwamba nilivumilia. Nilivumilia simu za mashangazi, nilivumilia ujumbe wa binamu wote wavulana, nilivumilia mchungaji aliyeniuliza baada ya ibada kama kweli nina moyo wa nyama. Kisha Cucu akaanguka zizini.

Ilikuwa presha. Mjomba alimkuta amekaa chini karibu na ng'ombe, maziwa yamemwagika, akisema hana shida ila miguu imekataa. Wakamlaza hospitalini Nyeri mjini. Nilipofika, mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Aliniangalia tu, akamwangalia Cucu aliyefumba macho na mrija mkononi, akaniangalia tena. Cucu alionekana mdogo mno ndani ya shuka zile. Niliogopa. Sijui kulisema kwa njia ya kupendeza: niliogopa kwamba kalamu yangu imefanya kitu, mimi niliyesoma, mimi niliyepiga kelele jikoni kwamba ni katuni.

Nikabadilisha mwisho. Watiri anaita dhoruba, anazeeka, halafu mlima unamwonea huruma na kumrudishia miaka yake. Anakuwa msichana tena. Anaingia ukunguni na mbuzi wake, akitabasamu. Wamae alifurahi kupita kiasi. Alisema shujaa asiyekufa anaweza kukaa kwenye mifuko ya shule na vyombo vya chakula kwa miaka. Nilijichukia wiki nzima. Kila nilipousoma ukurasa ule nilihisi kama nimemdanganya mtoto wa mtu. Lakini nilimpenda bibi yangu kuliko ule ukweli wangu wa hadithi, na mama akaanza tena kunisalimia.

Cucu alitoka hospitalini, akapumzika, akanona kidogo, kisha akatuma neno kwamba yuko tayari kumaliza kazi yake. Alikuja na mama, aliyembebea mto wa kukalia, dawa, na chupa ya chai. Chumba chetu cha kurekodia ni kabati la nguo ambalo tumeligongomea magodoro ndani ili kuzuia kelele za mafundi wa kuchomelea wa barabarani. Mtu anaketi ndani, tunafunga mlango, na mimi namsomea mistari kupitia vipokea sauti vya masikioni, naye anairudia kwa namna yake. Cucu alipenda kabati lile. Alisema ni mahali pekee Nyeri ambapo hakuna mtu anayemwambia apumzike.

Tulianza vizuri. Dhoruba ikaja, Cucu akaita mawe kwa sauti iliyomfanya Ridwan apunguze nguvu ya mitambo haraka. Akazeeka bila shida. Kisha nikamsomea ukurasa mpya: mlima unang'aa, miaka inarudi, Watiri anasema asante mlima wangu.



“Halafu?” sauti ikauliza kutoka kabatini.

“Halafu anaingia kwa ukungu, Cucu. Na mbuzi.”

“Halafu?”

“Basi. Imeisha.”

“Anakufa saa ngapi?”

Nikamtazama mama. Mama akatazama chupa ya chai.

“Hafi,” nikasema.

Mlango wa kabati ukafunguliwa kutoka ndani. Cucu alikuwa bado ana vipokea sauti juu ya kitambaa chake cha kichwa, na alikuwa amekasirika vile sijawahi kumwona akikasirika nami, mkwe wake.

“Ni nani amesema hafi?”

“Maitu,” mama akaanza, “daktari alisema usipandishe hasira.”

“Mwambie daktari imepanda.” Akanigeukia. “Kule hospitali mlinong'ona mpaka nikachoka. Ati mimi nimelala. Kwa jikoni mlinong'ona, ati mimi nasikia maombi. Mnagombana juu yangu, mnalia juu yangu, na hakuna mtu hata mmoja ameniuliza. Hata wewe, muthoni.”

“Tuliogopa kukuambia, Cucu.”

“Mliogopa nini? Mlifikiria sijui?” Akaketi vizuri kwenye mto wake, mikono magotini. “Hebu niambie. Nduta wa Mwea, ule ulipewa jina yake. Alikufa?”

“Alikufa.”

“Na wewe utakufa?”

“Nitakufa, Cucu.”

“Wenzangu wa kanisa, wale wako Dubai na wapi na wapi. Hao wajukuu watakufa?”

“Siku moja.”

“Basi. Jina inapewa mtu wa kufa. Huyu wako hakufi, hazeeki, njaa hasikii. Hiyo si kuzaliwa. Hiyo umenichora tu kwa ukuta, kama tangazo ya dawa ya kupe.” Sauti yake ikatetemeka, na haikuwa hasira peke yake. “Nilikuwa nimezaliwa. Nilikuwa nimeambia kila mtu. Sasa mmeniondoa, mmeweka picha.”

Nje, mafundi walikuwa wakigonga chuma, na kwa mara ya kwanza sikuwachukia.

“Na tena,” akasema kwa sauti ya chini, “mimi nilitaka kujua itakuwa aje. Nikianza kuongea hiyo maneno nyumbani, Anita anaanza wimbo. Wahome anaenda kuona ng'ombe. Nilisema, hapa kwa muthoni nitaongea, kwa sababu ni kazi. Hakuna mtu atanikataza kwa kazi.”

Mama aliziba mdomo kwa leso. Ni kweli huwa anaanza wimbo. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote nikidhani ni ibada.

Nikatafuta ukurasa wa zamani. Nilikuwa sijaufuta, nashukuru kwa ukaidi wangu. Nikasoma kwa sauti hotuba niliyomwandikia Watiri anayekufa, maneno mazito juu ya nchi, uhuru na vizazi vijavyo. Cucu alisikiliza mpaka katikati.

“Ngoja. Huyu anakufa ama anagombea ubunge?”

Ridwan akacheka kwa pua. Nilitaka kujibu kwamba hotuba ile ilinichukua miezi, nikameza.

“Mimi nimekaa na watu wengi wakikufa,” Cucu akasema. “Hakuna mtu huwa na pumzi ya hiyo maneno yote. Wee soma ya jirani peke yake. Ingine niachie.”

Akafunga mlango mwenyewe. Ridwan akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, taa nyekundu ikawaka. Katika kipindi, Watiri amelala kibandani mwake na jirani yuko karibu naye. Nikasoma sehemu ya jirani.

“Watiri, mimi niko hapa.”

“Mbuzi wameingia?” Sauti ilitoka kabatini nyembamba, imechoka, kama ya mtu aliyerudi shambani.

Hilo halikuwa limeandikwa popote. “Wameingia,” nikasema.

“Na ule wa mguu mbaya?”

“Hata yeye.”

“Mzungu?”

“Amerudi kwao.”

“Haya.” Pumzi ikavutwa, ikakwama, ikashuka. “Funga mlango basi. Baridi ya huu mlima haina adabu.”

Pumzi nyingine, fupi. Kisha nyingine, fupi zaidi. Kisha hakuna.

Tulingoja. Mistari ya sauti kwenye kioo cha Ridwan ililala ikawa uzi mmoja ulionyooka. Mama alisimama. Nikasubiri kikohozi, kusogea kwa mto, chochote, na hakukuwa na chochote. Nikakumbuka mrija mkononi na maziwa yaliyomwagika, nikaruka nikavuta mlango wa kabati kwa mikono miwili.

“Cucu!”

Alikuwa ameegemea godoro, amefumba macho. Akafumbua moja.

“Umeharibu,” akasema. “Nilikuwa bado nakufa.”

Nililia hapohapo, nimeshika mlango, kwa hasira na kwa kila kitu kingine. Mama naye akalia, na Ridwan akajifanya kutafuta waya chini ya meza. Cucu alituangalia sote watatu vile mwalimu anavyoangalia darasa lililoshindwa kujumlisha.

“Sasa mnalia nini? Aliyekufa ni mimi na sijalia.” Akanywa chai kidogo, akanirudishia kikombe, akajipangusa mdomo. “Turudie. Na wewe, muthoni, safari hii ukae chini.”

Nikafunga mlango. Taa ikawaka. Nikasoma sehemu ya jirani, naye akauliza habari za mbuzi, nikamjibu, akauliza habari za yule wa mguu mbaya, nikamjibu. Akaniambia nifunge mlango kwa sababu ya baridi. Pumzi zikaja, moja, nyingine, ya mwisho. Kimya kikaanza. Mama alikuja akaketi karibu nami, akanishika mkono, akaubana mpaka kucha zikaingia kwenye ngozi. Hakuimba. Nilitazama ule uzi ulionyooka kwenye kioo, na kila kiungo changu kilitaka kuinuka kiende kwenye lile kabati.

Sikufungua. Nilikaa hapo chini mpaka alipogonga mwenyewe kutoka ndani, akiuliza kwa ukali kama tumemsahau.